Maswali ya Wasomaji: Lancia Stratos, Gari Lililobuniwa kwa Ajili ya Rali

Toleo lililopita lilikuwa na picha ya Lancia Stratos iliyopakwa rangi nyeupe, kijani na nyekundu za shirika la ndege la Alitalia, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Zile zilizouliza jambo moja nimeziunganisha, na zilizosalia nimezijibu zilivyo. Wasomaji walioandika kuhusu magari mengine ya Italia tunawaomba wavute subira. Safu ya leo yote ni ya Stratos.

SWALI: Ndugu Mhariri, mbona gari hili lina umbo la ajabu namna ile? Pua imechongoka, nyuma imekatwa ghafla, na kioo cha mbele kimezunguka karibu kifike milangoni. Mchoraji wake alitaka kushangaza watu tu, au kulikuwa na sababu?

JIBU: Ndugu msomaji, ili swali lako lijibiwe sawasawa ni lazima kwanza tutenganishe magari mawili ambayo watu wengi huyachanganya kwa sababu ya jina. La kwanza ni lile la maonyesho, Stratos Zero, ambalo Bertone, kampuni ya Italia ya kubuni na kutengeneza bodi za magari, ililionyesha Turin mwaka 1970. Hilo lilikuwa kabari tupu yenye kimo cha sentimita 84, na mtu aliyetaka kuingia ndani alilazimika kuinua kioo cha mbele na kupitia hapo, kwa kuwa halikuwa na milango ya kawaida. Ndani yake kulikuwa na injini ya Lancia Fulvia. Naam, gari lile lilitengenezwa ili kushangaza watu, na lilifanikiwa. Husimuliwa kwamba Nuccio Bertone mwenyewe aliliendesha hadi makao makuu ya Lancia na kupita chini ya kizuizi cha langoni bila kizuizi hicho kuinuliwa. Kwa gari lenye kimo kile, sioni sababu ya kukitilia shaka kisa hicho.

Gari la pili, lile uliloliona pichani, linaitwa Stratos HF, na mfano wake wa kwanza ulionekana katika maonyesho ya Turin ya mwaka 1971. Mchoraji alikuwa yuleyule, Marcello Gandini, aliyekuwa mkuu wa ubunifu wa Bertone na ambaye tayari alikuwa na Lamborghini Miura katika orodha ya kazi zake. Safari hii, hata hivyo, hakuachiwa kalamu afanye apendavyo. Mtu aliyempa masharti alikuwa Cesare Fiorio, mkuu wa timu ya mashindano ya Lancia, na shida ya Fiorio ilikuwa wazi: Fulvia, gari dogo linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele, lilikuwa limempatia ushindi mwingi, lakini lilikuwa limezeeka na injini yake ya lita 1.6 haikuweza kuongezewa nguvu zaidi. Mbele yake walikuwepo Alpine wa Ufaransa na Porsche wa Ujerumani, ambao magari yao yalibeba injini nyuma na kuyashika vizuri zaidi maeneo ya theluji na kokoto. Fiorio hakutaka tena kuchukua gari la dukani na kulirekebisha. Alitaka gari lianze kuchorwa kutokana na mahitaji ya rali, kisha ndipo yatafutwe matoleo ya kuuzia watu kwa kadiri kanuni zilivyodai.

Ukishalijua hilo, kila kitu unachokiona katika umbo lile kinapata maelezo yake. Kioo cha mbele ni kipande cha mcheduara, chenye mpindo ule ule kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa hiyo barabara haionekani imepotoka hata dereva anapoitazama kwa pembeni, jambo la lazima kwa mtu ambaye gari lake hutumia muda mwingi likielekea upande tofauti na ule linakokwenda. Nguzo za kioo hicho zimesogezwa nyuma sana, hivyo dereva anaona kona nzima kama anayetazama kupitia kioo cha helmeti. Pua na mkia ni vifupi kwa sababu kila sentimita inayotokeza mbele ya magurudumu au nyuma yake ni uzito uliowekwa mahali pabaya, tena ni kitu cha kugonga ukuta wa mawe katika barabara nyembamba. Sehemu yote ya mbele ni kipande kimoja cha faibaglasi kinachofunuka, na ya nyuma ni hivyohivyo. Mafundi wakishazifunua zote mbili, gari linabaki chumba cha chuma katikati na mitambo iliyo wazi pande zote. Katika vituo vya matengenezo, ambako kila dakika inahesabiwa, fundi aliweza kuifikia giaboksi au shokabsoba bila kulala chini ya gari na kuhangaika gizani.

Ipo hata milango. Ndani yake kuna mifuko mipana iliyotengenezwa makusudi ili ibebe helmeti za dereva na mwelekezi wake. Na kwa kuwa mlango umejaa mfuko, hapakuwa na nafasi ya mtambo wa kawaida wa kushushia kioo. Ilibidi mtu alegeze kitasa na kukitelezesha katika mfereji, kioo nacho kikazama kwa kuzunguka. Kwangu mimi, milango ile inaeleza nia ya gari hili kuliko bawa lolote lililowekwa juu ya paa.

SWALI: Nimesoma kwamba injini ya Stratos ni ya Ferrari. Iliwezekanaje kampuni moja ya Italia itoe injini yake kwa mpinzani?

JIBU: Kwanza, hawakuwa wapinzani kamili. Mwaka 1969 Fiat iliinunua Lancia, iliyokuwa imelemewa na madeni, na katika mwaka huohuo ikachukua nusu ya hisa za Ferrari. Kwa hiyo Lancia na Ferrari zilikuwa na mwenye mali mmoja, ingawa Enzo Ferrari hakuwa mtu wa kuamrishwa kirahisi.

Injini yenyewe ni ile ya Dino, yenye silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V la nyuzi 65. Asili ya ukoo huo wa injini inarudi nyuma hadi miaka ya hamsini, kwa Alfredo Ferrari, mwana wa Enzo aliyeitwa Dino na kufariki mwaka 1956 akiwa kijana, na kwa mhandisi mkongwe Vittorio Jano. Toleo lililoingia katika Stratos lilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 2,418, likalazwa kwa ubavu, yaani kukingama na urefu wa gari, nyuma tu ya viti, pamoja na kabureta tatu za Weber na giaboksi ya gia tano. Katika Dino 246 lilitoa nguvu farasi 195. Wahandisi wa Lancia walilipunguza kidogo hadi 190, kwa sababu walihitaji injini inayovuta kwa nguvu tangu mizunguko ya katikati, dereva anapotoka katika kona kali, kuliko injini inayosifika ikiwa juu kabisa tu. Matoleo ya mashindano yalipanda hadi kiasi cha 270, na yale yenye vali nne kwa kila silinda yalivuka 300.

Kuhusu Enzo, alisita kwa muda mrefu, na kusita kwake kulikuwa na mantiki. Alikuwa bado anauza Dino 246, na hakuona faida ya kumpa mwingine moyo wa gari lake ili atengeneze gari jepesi na fupi zaidi litakalowavutia wanunuzi walewale. Wakati fulani Lancia ilifikiria kutumia injini ya silinda nne ya gari lake la Beta, jambo ambalo lingewapa gari zuri lisilokumbukwa na mtu. Kilichosaidia ni mambo mawili: uzalishaji wa Dino 246 ulikuwa unakaribia mwisho wake, na aliyekuwa akiiongoza Lancia wakati huo, Pier Ugo Gobbato, aliwahi kuwa mkurugenzi katika kampuni ya Ferrari na alijua namna ya kuzungumza na mzee huyo. Hatimaye injini 500 zikatolewa.

SWALI: Mheshimiwa, ninyi waandishi hupenda kusema kuwa Stratos ndilo gari la kwanza kubuniwa kwa ajili ya rali. Vipi kuhusu Alpine A110? Ilitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1973, kabla Stratos haijaidhinishwa.

JIBU: Hoja yako ina uzito, na Alpine inastahili heshima hiyo ya mwaka 1973, ambao ndio ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali. Lakini tazama ilikotoka. A110 ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya sitini ikiwa gari dogo la michezo lililotegemea vipuri vya Renault, injini ikiwa imening'inia nyuma ya ekseli, na ikaendelea kuboreshwa mwaka baada ya mwaka hadi ikawa silaha kali ya mashindano. Mashindano yalilifanya kuwa gari la rali. Stratos ilianzia hapo ambapo Alpine iliishia, kwani haikuwahi kuwa na maisha mengine kabla ya rali. Ndiyo maana ninaendelea kulisema, na nitalisema tena.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Stratos ilikuwa gari la hatari kuendesha? Baba yangu mdogo, ambaye amekuwa fundi makanika tangu ujana wake, anasema gari fupi likipoteza njia halirudi.

JIBU: Mfikishie baba mdogo salamu zetu, kwa maana amesema kweli. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika Stratos ni milimita 2,180 tu, wakati upana wa gari ni milimita 1,750. Uwiano huo ni wa gari lililo karibu na mraba. Injini, tangi la mafuta na watu wawili wote wamekusanywa katikati, na gari zima katika hali ya barabarani lina uzito wa takriban kilo 980. Uzito ukikusanyika hivyo, gari huanza kugeuka mara tu usukani unapoguswa, na hiyo ndiyo sifa ambayo madereva wa rali waliitamani, kwa kuwa barabara za milimani hazina kitu kingine isipokuwa kona inayofuata kona. Shida ni kwamba wepesi huohuo upo pia katika kuteleza. Gari refu lenye injini mbele humpa dereva onyo, nyuma ikianza kutambaa polepole. Stratos humpa onyo fupi sana, na asiyekuwa mwepesi wa mikono hujikuta ametazama alikotoka.

Mwanzoni hali ilikuwa mbaya zaidi. Katika shindano lake la kwanza, Tour de Corse la Novemba 1972 katika kisiwa cha Corsica, gari la Sandro Munari, dereva wa timu ya Lancia, lilitoka kwa hitilafu ya mfumo wa nyuma wa springi. Wahandisi waliubadilisha mfumo huo, na gari lililouzwa likawa na mikono miwili ya kushikilia gurudumu kwa kila upande wa mbele, na nguzo za aina ya MacPherson kwa nyuma, zenye mwendo mrefu zaidi wa kupanda na kushuka. Kazi kubwa ya kulifundisha gari hili adabu ilifanywa na Mike Parkes, Mwingereza aliyekuwa mhandisi na pia dereva wa Ferrari, akishirikiana na Munari, ambaye alizoea kulijaribu kwa saa nyingi. Hata baada ya kazi hiyo yote, Stratos ilibaki gari la mtu anayejua. Sidhani kama hilo ni dosari. Fiorio hakuagiza gari la kila mtu.

SWALI: Tunaomba utueleze historia yake ya mashindano kwa mpangilio, hasa mataji yake na ule ugomvi wa Sanremo ambao umegusiwa mara kadhaa bila kuelezwa.

JIBU: Kanuni za Kundi la 4, daraja la mashindano ambalo Stratos iliandikishwa, zilidai kwamba gari litengenezwe kwa idadi ya mamia kabla halijaruhusiwa kushindania ubingwa wa dunia wa rali. Kwa hiyo mwaka 1973 na sehemu kubwa ya mwaka 1974 Stratos ilikimbia katika mashindano yaliyopokea magari ya majaribio tu. Ilipata ushindi wake wa kwanza nchini Hispania, Aprili 1973. Mwezi uliofuata Munari na Jean-Claude Andruet walimaliza wa pili katika Targa Florio, shindano la mzunguko katika barabara za milima ya kisiwa cha Sicily, na mwaka huohuo Munari akashinda Tour de France ya magari. Mwaka 1974 Gérard Larrousse na Amilcare Ballestrieri waliishinda Targa Florio yenyewe. Watu husahau kipande hiki cha historia kwa sababu ya kishindo cha rali kilichofuata, lakini gari lililoweza kuwa na nafasi katika Targa Florio na pia katika theluji ya Uswidi halikuwa gari la kawaida.

Idhini ilipatikana tarehe 1 Oktoba 1974. Siku chache tu baadaye Munari alikuwa ameshinda Sanremo, rali ya nyumbani Italia. Kisha akaenda Kanada akashinda Rideau Lakes, naye Andruet akashinda Corsica kabla mwaka haujaisha vizuri. Msimu wa mwaka huo ulikuwa umefupishwa na upungufu wa mafuta duniani, Monte Carlo na Uswidi zikafutwa, na ushindi huo wa haraka mwishoni ukatosha kuipa Lancia taji la watengenezaji mbele ya ndugu yake mkubwa, Fiat. Mwaka 1975 taji lilirudi: Munari alishinda Monte Carlo, Björn Waldegård akashinda kwao Uswidi na kisha Sanremo, na Mfaransa Bernard Darniche akashinda Corsica. Mwaka 1976 likaja la tatu mfululizo, na katika Monte Carlo ya mwaka huo Stratos zilichukua nafasi zote tatu za kwanza, Munari, Waldegård na Darniche kwa mpangilio huo.

Sasa Sanremo ya 1976. Zikiwa zimesalia kilomita chache, Waldegård alikuwa akimwongoza Munari kwa sekunde nne. Munari alikuwa Mwitaliano na nyota wa timu, na shindano lilikuwa la nyumbani. Waldegård alikuwa mgeni. Fiorio aliamua kwamba wawili hao waianze hatua ya mwisho wakiwa sawa, na njia aliyoitumia ni kumzuia Waldegård asiondoke kwenye mstari hadi sekunde zile nne zipite. Waldegård alisubiri. Kisha akaikimbia hatua hiyo kwa kasi iliyomzidi Munari kwa sekunde nne, akashinda rali kwa sekunde nne zilezile alizonyang'anywa. Msimu uliofuata alikuwa katika timu ya Ford. Wapo wanaomtetea Fiorio kwa kusema kwamba alitaka mpambano wa haki baina ya madereva wake. Binafsi siuoni uhaki wa kumpokonya mtu muda alioutafuta kwa siku kadhaa, na nadhani Waldegård alijibu kwa namna pekee iliyofaa.

Munari alishinda Monte Carlo kwa mara ya tatu mfululizo mwaka 1977, na mwaka huo akatwaa Kombe la madereva la FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kombe lililotangulia ubingwa wa dunia wa madereva ulioanza mwaka 1979. Anayependa kejeli za historia atafurahi kujua kwamba bingwa wa kwanza wa ubingwa huo alikuwa Waldegård, na kwamba katika msimu uleule aliikosa Monte Carlo kwa sekunde sita, akiwa na Ford Escort, baada ya kukuta mawe yamewekwa barabarani usiku wa mwisho. Aliyemshinda alikuwa Darniche. Gari la Darniche lilikuwa Stratos.

SWALI: Kwa nini gari lililoshinda Ulaya karibu kila mahali halikuwahi kushinda Safari Rally ya Kenya?

JIBU: Lilikaribia. Mwaka 1975 Munari alimaliza wa pili na Waldegård wa tatu, nyuma ya Ove Andersson na Peugeot 504 yake. Mwaka 1976 Stratos hazikufika mwisho, na ushindi ukaenda kwa Joginder Singh na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1977 Munari alikuwa wa tatu, na mshindi, kwa mara nyingine tena, alikuwa Waldegård, safari hii akiwa amevaa rangi za Ford.

Maelezo yapo katika aina ya shindano. Safari ya enzi hizo iliendeshwa wakati wa Pasaka kwa maelfu ya kilomita katika barabara ambazo hazikufungwa kwa watumiaji wengine, kwenye vumbi, mashimo, mito iliyofurika na tope la mvua za masika. Mshindi hakuwa lazima awe mwenye kasi zaidi. Alikuwa yule ambaye gari lake lilibaki zima. Peugeot 504 ilikuwa saluni yenye springi laini zenye mwendo mrefu, na Lancer ilikuwa ndogo, rahisi na ngumu. Lancia iliinua Stratos juu, ikaimarisha sehemu zilizokuwa dhaifu, ikafunga vyuma vya kinga mbele, taa za ziada na matairi ya akiba kwa nje, lakini haikuweza kubadili asili yake. Gari lenye ekseli zilizokaribiana hurukaruka mbele na nyuma kwenye mashimo mfululizo, na kadiri lilivyoongezwa vyuma ndivyo wepesi wake, ambao ndio ulikuwa utajiri wake, ulivyopungua. Kwa kuyazingatia hayo yote, nafasi ya pili na ya tatu mwaka 1975 ni matokeo ninayoyaheshimu kuliko baadhi ya ushindi wake wa Ulaya.

Ni vyema kuongeza kwamba Safari haikuwa peke yake. RAC ya Uingereza nayo iliiponyoka, kwa kuwa misitu ile ilikuwa shamba la Ford Escort miaka yote hiyo.

SWALI: Kama gari lilikuwa linashinda, nani aliliondoa?

JIBU: Wenye mali. Fiat ilikuwa inauza saluni za kawaida kwa familia za kawaida, na idara yake ya biashara haikuona sababu ya kugharamia gari la ajabu la viti viwili, ambalo uzalishaji wake ulikuwa umekwisha, lishinde rali ambazo zingeweza kuitangaza Fiat 131. Tangu mwaka 1977 Fiat 131 Abarth ndiyo iliyopewa bajeti na kalenda kamili, ikatwaa taji la watengenezaji mwaka huohuo, na Stratos ikapewa mashindano ya hapa na pale. Hata hivyo Markku Alén aliishindia Sanremo ya 1978. Baada ya hapo timu binafsi zikaichukua: Darniche akashinda Monte Carlo na Corsica mwaka 1979 kwa gari la muuzaji wa Lancia nchini Ufaransa, Chardonnet, naye Tony Fassina akashinda Sanremo mwaka huohuo. Ushindi wa mwisho katika ubingwa wa dunia ni wa Darniche tena, Corsica, mwaka 1981. Wakati huo Audi ilikuwa tayari imeleta gari lenye turbo linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo gari lililochorwa miaka kumi nyuma lilikuwa bado linashinda lami mbele ya kizazi kipya kabisa cha magari.

SWALI: Kile kitembo chekundu kwenye bodi kina maana gani?

JIBU: Ni alama ya HF, klabu ya wapenzi wa Lancia iliyoanzishwa mwaka 1960, ambayo baadaye ilizaa timu ya mashindano iliyoongozwa na Fiorio. Tembo anayekimbia alikuwa ameshatumiwa na Lancia tangu miaka ya hamsini kama ishara ya bahati njema.

SWALI: Je, matoleo ya kuuzwa yalipendwa na wanunuzi? Na mtu akiliona gari la namna hii leo, atajuaje kama ni la asili?

JIBU: Hayakupendwa sana wakati yakiwa mapya. Bodi zilitengenezwa na Bertone huko Grugliasco na magari yakaunganishwa katika kiwanda cha Lancia cha Chivasso, jumla yake ikiwa chini ya 500. Mnunuzi wa katikati ya miaka ya sabini, akiwa na bei ya petroli kichwani, alikutana na gari lenye chumba chenye joto, kelele za injini nyuma ya masikio, nafasi ndogo ya mizigo, na nyuma ambayo karibu haionekani kwa sababu ya mabati ya kupitishia hewa juu ya injini. Baadhi ya magari yalikaa bila kununuliwa kwa miaka kadhaa baada ya uzalishaji kusimama. Leo hii hali imegeuka kabisa, na thamani ya gari la asili imepanda mbali sana na uwezo wa mtu wa kipato cha kawaida.

Thamani hiyo ndiyo iliyoleta nakala. Bodi ya faibaglasi ni rahisi kunakili, na tangu miaka ya themanini warsha kadhaa, hasa za Uingereza, zimekuwa zikitengeneza magari yanayofanana na Stratos kiasi cha kumchanganya mtazamaji wa kawaida. Usianze kwa kutazama rangi wala stika, kwani hizo ndizo za kwanza kuigwa. Funua nyuma uangalie injini: gari la asili lina V6 ya Dino iliyolazwa kwa ubavu, wakati nakala nyingi zina injini ya Alfa Romeo au ya Lancia Beta. Kisha chunguza chumba cha kati, ambacho katika gari la Bertone ni cha chuma kilichokunjwa na kuchomelewa, si mabomba yaliyounganishwa. Mwisho linganisha namba ya chesi na ya injini na kumbukumbu za gari husika, kwa kuwa magari mengi yaliyokimbia katika timu ya kiwanda historia yake inafahamika shindano kwa shindano. Muuzaji anayekataa kufunua nyuma ya gari lake amekwisha kukujibu.